Mazungumzo ya Nyumbani: Babu, Mjukuu na Bunduki ya Upepo

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo wazee kadhaa wametuuliza, nalo ni hili: Je, yafaa babu amfundishe mjukuu wake kupiga shabaha? Na ikiwa yafaa, aanze na lipi, amalize na lipi?

Hapo kale swali hili lingekuwa juu ya upinde na mishale. Siku hizi manati yako katika mikono ya watoto wengi, na katika nyumba chache iko bunduki ya upepo, ile isiyotumia baruti, iliyoletwa na baba au mjomba kutoka mjini. Mtoto huiona imeegemezwa ukutani, naye hapati usingizi. Humwendea baba, baba humkemea. Humwendea babu, babu hucheka. Basi kwa kuwa kicheko cha babu huwa ni nusu ya ruhusa, yafaa tumwandikie babu kabla hajaitoa nusu ya pili.

Kwanza tuijue bunduki yenyewe. Ile ya kawaida ina kamani ndani yake, yaani springi. Mtu aukunjapo mtutu, kamani hubanwa. Avutapo kifyatulio, kamani huachiliwa, ikasukuma pistoni kwa nguvu, na hewa iliyoshindiliwa mbele ya pistoni ndiyo itoayo risasi. Risasi hiyo ni kitu kidogo sana. Ile itumiwayo zaidi ina upana wa milimita 4.5, uzito wake ni kama nusu gramu, nayo imebanwa kiunoni mfano wa nyigu. Hapana moshi, wala hapana mshindo mkubwa. Kwa sababu hiyo watu huidharau, wakaiita kitu cha kuchezea watoto.

Lakini tusidanganyike. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo zilizobuniwa na mtu aitwaye Girandoni, na askari walikwenda nazo vitani. Hizo zilikuwa na nguvu kupita hizi za nyumbani, lakini ukoo wao ni mmoja. Na hii ya nyumbani, kwa udogo wake wote, hupenya ngozi ya mtu, na ikilipata jicho hulipofusha. Tena risasi iliyokosa shabaha haifi pale pale. Huweza kufika zaidi ya mita 200, mahali ambapo mpigaji hapaoni wala hapafikirii, na pengine yuko mama anayechuma mboga.

Wazee husema, Mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii ni njema, na maana yake twaijua: mkaidi afunzwe na jeraha lake mwenyewe. Wembe humkata kidole aliyeushika, naye siku ya pili huuogopa. Lakini tuipime methali hii kwa bunduki, tutaona kwamba haikai. Jeraha la bunduki kwa kawaida halimwangukii aliyeishika. Humwangukia ndugu yake mdogo aliyesimama kando, au mbuzi wa jirani, au mpita njia. Mtoto hujifunza, naam, lakini karo ya somo hilo hulipwa na mwenzake. Basi anayelilia wembe huenda akapewa, ila anayelilia bunduki hapewi. Huyu hukalishwa chini na kufundishwa.

Wala si watoto peke yao wapasao kuihofu. Kule Urambo, magharibi ya Tabora, aliishi daktari mmoja wa Misheni ya London, jina lake Ebenezer Southon, aliyekaribishwa na Mtemi Mirambo akawa anawatibu watu. Mwaka 1882 bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamjeruhi, naye akafa kwa jeraha hilo mwezi wa Julai mwaka ule ule. Aliishi karibu na mfalme wa vita, katika nchi iliyojaa silaha, asiuawe na adui. Aliuawa na bunduki ambayo hakuna mtu aliyekusudia kumpiga kwayo.

Sasa twataka tuwakumbushe wasomaji habari ya nchi yetu, kwa maana sisi watu wa Tabora tuna sababu kuliko wengine ya kulifikiri jambo hili. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe. Hapa ilipasuka, moja ikashika magharibi kwenda Ujiji, na nyingine ikashika kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Miembe mikongwe tuliyonayo ni mashahidi wa njia hiyo. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na kutoka pwani zilipanda nguo, shanga, nyaya za shaba, na pamoja navyo bunduki na baruti. Kwanza zilikuwa za gumegume, kisha za fataki, kisha zile za kupakia kwa nyuma. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zaingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Nani alizishika? Wengi wao walikuwa vijana. Wasomaji wamesikia habari za ruga-ruga. Hao walikuwa askari wa watemi wapya wa wakati ule, kama Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe wa Ukimbu. Baadhi yao walikuwa mateka, baadhi walikuwa watumwa waliotoroka, wengine wapagazi walioiacha misafara yao. Kwa neno moja, wengi walikuwa vijana waliong'olewa katika nyumba zao. Stanley, aliyeonana na Mirambo mwaka 1876, aliandika kwamba mtemi huyo alimwambia apenda kwenda vitani na vijana kuliko watu wazima, kwa kuwa macho yao ni makali zaidi, na hawana mke wala watoto wa kuwarudisha nyuma.

Tulitafakari neno hilo. Mirambo alikuwa mtu mwenye akili nyingi, naye alijua alilokuwa akilisema. Kijana asiye na mtu wa kumrudisha nyuma ni askari mwepesi. Lakini nchi iliyojaa vijana wa namna hiyo haina usiku wa amani. Mwezi wa Agosti 1871 Mirambo aliupiga mji wa Tabora wenyewe, na vita vile kati yake na Waarabu viliendelea miaka kadhaa, njia ikafungwa, vijiji vikachomwa. Mirambo alipofariki mwezi wa Desemba 1884, dola yake haikuchukua muda kumeguka. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kuzuia, pamoja na mambo mengine, uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwezi wa Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozingirwa na Wajerumani ndani ya boma lake, aliliwasha ghala lake la baruti akajilipua. Hivyo baruti iliyopanda kwa njia ya misafara ikamaliza enzi ya mtemi aliyeitawala nchi ya njia hiyo.

Hatusemi kwamba bunduki ndiyo iliyozaa mabaya yote ya siku zile. Biashara ya watumwa, tamaa ya pembe na ugomvi wa ushuru vilikuwa na sehemu yao, tena kubwa. Twasema hili tu, kwamba silaha zilifika upesi kuliko mafunzo. Zilimfikia kijana kabla hajafikiwa na mzee.

Na wazee wetu walikuwa na mafunzo. Nani asiyejua kazi ya kuamia? Mtama ukianza kuiva, watoto walipanda dunguni tangu alfajiri, wakawafukuza ndege kwa kelele na kwa kombeo. Hapo mtoto alijifunza kutupa jiwe, lakini alijifunza pia kutolitupa upande wa njia, wala upande wa dungu la jirani. Mvulana alipewa upinde mdogo kabla ya mkubwa, na mshale usio na chembe kabla ya wenye chembe. Mtu aliyetaka kuwinda tembo hakuingia porini kwa matakwa yake mwenyewe. Aliwafuata waliomtangulia, akabeba mizigo yao, akatii maneno yao, hata walipoona kwamba amekomaa. Katika mafunzo hayo yote silaha haikutembea peke yake. Ilitembea na mtu mzima.

Tena desturi yetu ilimpa babu nafasi ambayo baba hana. Kati ya baba na mwana pana heshima na hofu, lakini kati ya babu na mjukuu pana utani. Mjukuu humtania babu, babu humtania mjukuu, wala hapana akasirikaye. Kwa sababu hiyo mtoto aliyekosea mbele ya baba hulificha kosa lake, lakini mbele ya babu hulisema. Na katika jambo la silaha, kosa lisemwalo halina hatari kama kosa lifichwalo. Mtoto awezaye kusema, "Babu, nimesahau kama nimeitia risasi," huyo amewaokoa watu. Twaona hiyo ndiyo sababu iliyo kubwa ya babu kuwa mwalimu hapa, kama ana afya na subira.

Sasa tuje kwenye taratibu.

Neno la kwanza ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Asijiambie mtu kwamba kwa kuwa bunduki hii haina baruti, basi haina sheria. Babu na aende kituo cha polisi kabla bunduki haijaguswa na mtoto, aulize kibali gani chatakiwa na nani aruhusiwa kuitumia, wala asiridhike na maneno ya muuzaji. Akijibiwa kwamba haifai, basi na itii nyumba nzima, na mafunzo yote tunayoyaandika hapa yafanywe kwa upinde. Hayatapungua kitu. Mjukuu akimwona babu yake anakwenda kuuliza ruhusa, amekwisha kupata somo la kwanza.

Neno la pili ni wazazi. Babu asimfundishe mtoto kwa siri ya baba na mama. Silaha iliyofichwa mama wa mtoto itavunja nyumba kabla haijavunja kopo.

Neno la tatu ni mtoto mwenyewe. Wengi hutaka kujua umri. Sisi twasema, mtazame mtoto. Aitwapo mara moja, je, huuacha mchezo akaja? Akiambiwa asikiguse kitu, je, hukiacha hata mwenye kitu akiondoka? Akishindwa katika mchezo, je, hukasirika akatupa vitu? Mtoto apitaye mitihani hii mitatu aweza kuanza. Asiyepita na angoje, hata akiwa amefikia bega la babu yake kwa urefu.

Siku ya kwanza risasi isiwepo kabisa. Mtoto ajifunze kuibeba bunduki, na mdomo wake uelekee chini au mahali pasipo na mtu, akiwa amesimama, akitembea, akigeuka kuitika jina lake. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa maana mtu akiitwa hugeuka pamoja na alichokishika. Babu na amwite mara nyingi kwa makusudi, tena kwa utani, hata mtoto azoee kugeuza kichwa na kuuacha mtutu mahali pake. Ajifunze pia kwamba kidole hakiingii penye kifyatulio mpaka jicho limeiona shabaha. Na kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata ile aliyoiangalia sasa hivi. Ila asifyatue bunduki ya kamani ikiwa imekunjwa na haina risasi, kwa kuwa pistoni hugonga ukingo wake ikaharibika. Kazi ya kuukunja mtutu iwe ya babu, naye aushike sawasawa wakati wa kutia risasi. Ukiponyoka hurudi kwa nguvu, ukaweza kuponda vidole.

Siku ya pili ni ya mahali. Nchi yetu ina vichuguu, na kichuguu kikubwa chaweza kuwa ukuta wa kuizuia risasi. Jiwe na chuma hairudishi tu sauti, huirudisha na risasi yenyewe. Miti nayo si ukuta, kwa kuwa nyuma ya mti huwezi kuona. Kopo au karatasi iwekwe mbele ya kichuguu, na mtoto asimame hatua kumi na mbili hivi. Asidhani kwamba umbali huo ni wa kitoto. Katika michezo ya Olimpiki hupigwa shabaha kwa bunduki ya upepo kwa umbali wa mita 10, na alama ya katikati ina upana wa nusu milimita tu. Wanawake wana shindano lao la umbali huo tangu mwaka 1984. Basi mjukuu wa kike naye asiambiwe kwamba kazi hii si yake. Mara nyingi subira yake ni kubwa kuliko ya kaka yake.

Watazamaji wote wakae nyuma ya mpigaji, si ubavuni. Mpigaji na watazamaji wavae miwani ya kinga yenye vioo vyeupe, kama ile ya mafundi. Hakuna aendaye kuitazama shabaha mpaka bunduki imelazwa chini na babu amesema, "Nendeni." Risasi zitolewe moja moja mkononi mwa babu. Mtoto asizitie kinywani, jambo ambalo wapigaji wengi hulifanya wakitaka mikono iwe wazi. Madini ya risasi ni sumu, nayo hudhuru ubongo wa mtoto polepole bila maumivu. Kazi ikiisha, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Na kazi iishe mapema. Risasi kumi zilizopigwa kwa makini zafundisha kuliko mia zilizopigwa kwa papara.

Neno la nne ni ndege. Mtoto akisha kulipata kopo, macho yake hupanda mitini. Hapo babu awe imara. Uwindaji wa wanyama na ndege wa porini una sheria yake, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtoto hana leseni. Lakini hata pasipo sheria, mwenye manati au bunduki ya upepo hajui anachokiua. Katika pori letu yuko ndege mdogo, asiye na rangi ya kutamanisha, ambaye huwaita warina asali akawaongoza hata kwenye nyuki. Mkoa wetu unajulikana kwa asali. Mtoto ampigaye ndege huyo kwa mchezo amemwibia mrina asali kiongozi wake. Babu na amketishe mjukuu chini ya mti amtajie ndege kwa majina yao, huyu ala nini, yule ajenga wapi. Huenda baada ya somo hilo hamu ya kuwapiga ikapungua yenyewe.

Kwa walimu tuna neno fupi. Manati hunyang'anywa shuleni, hujaa kabatini, na kesho huwa zimetengenezwa nyingine, kwa kuwa mpira wa baiskeli na panda ya mti havikosekani. Twashauri mwalimu, pamoja na kukataza, awaulize watoto swali moja: Jiwe lako likikosa, litaangukia wapi? Mtoto asiyeweza kujibu hana ruhusa ya kutupa, si shuleni tu bali popote.

Mwisho, bunduki ilale wapi? Isilale chumbani mwa mtoto, hata kama yaitwa yake. Ilale kwa babu, imefungiwa, na risasi zilale mahali pengine. Mjukuu aje aombe, na babu aitoe akiwa na nafasi ya kukaa naye mpaka mwisho. Kama leo babu hana nafasi, leo hapana bunduki. Na zile nyumba zenye gobore la marehemu, lililoachwa darini tangu mwenyewe alipozikwa, zisilishushe kulionyesha watoto wala zisijaribu kulifyatua. Huenda lilishindiliwa baruti likaachwa hivyo hivyo. Zipeleke habari polisi, waje walichukue wenyewe.

Basi jibu letu kwa wazee waliotuuliza ni hili. Yafaa kumfundisha mjukuu, ikiwa sheria yaruhusu, ikiwa wazazi wamekubali, na ikiwa babu yuko tayari kutoa saa zake. Nchi hii imekwisha kuona bunduki zikipewa vijana wasiokuwa na wa kuwarudisha nyuma. Mjukuu wako anaye. Ni wewe, babu, ukikaa hatua moja nyuma ya bega lake, ukisema, "Ngoja," naye akangoja.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya malezi ya watoto wanaokaa mbali na wazazi wao kwa ajili ya masomo.